Sukari ya Kisiwani Iliyochemshwa Minago

Wa benchi la nyuma, nimechoka nanyi. Tangu turudi kutoka likizo ya konje mnafungua boksi langu la kompasi bila ruhusa, mnachukua rula, mnachukua raba, na kila mmoja akifika kwenye kile kipande cha uzi chenye fundo ananiuliza ni nini. Nimeshawapa majibu manne. Nilisema ni dawa ya hesabu. Nilisema ni utumbo wa samaki mukeke. Nilimwambia Esperansi ni mkanda wa suruali ya panzi, akacheka mpaka prof akamtoa nje, na kwa hilo namwomba radhi. Jibu la nne nimelisahau. Hili la tano ni la kweli, ndiyo maana ni refu. Pitishianeni chini ya meza, lisifike mbele, maana nimeliandika kwenye kaye, daftari la Kifaransa.

Kwetu mnakujua. Mama yuko kisiwa cha Morisi, kwenye kiwanda cha sukari, mwaka wa tano huu. Mimi naishi hapa Rumonge na Shangazi. Dada yangu Zaituni ameolewa Nyanza-Lac, na konje ilipoanza akajifungua mtoto wa kiume, siku ya Alhamisi. Nyumbani kwetu mtoto akifika siku ya saba ananyolewa, anapewa jina, na bibi yake mzaa mama anamgusisha kitu kitamu ulimini, ili aanze na utamu, mengine atayakuta mwenyewe. Bibi huyo ndiye Mama, na Mama hawezi kuja. Kwa hiyo alikuwa ametanguliza kilo moja ya sukari, aliyoifunga kwa mkono wake, kupitia mwenzake wa kazi aliyekuwa anarudi Bujumbura. Shangazi alishakwenda Nyanza-Lac kumkanda mzazi. Wa kuifuata sukari nikabaki mimi. Mwisho ulikuwa Jumatano, adhuhuri. Ikipita hapo mtoto angegusishwa asali ya jirani, na Mama angekuwa amekosa na hilo pia, kama alivyokosa harusi ya Zaituni, kama alivyokosa siku niliyovunjika mkono nikiruka ukuta wa shule.

Buyenzi, chai kavu

Kupanda Bujumbura Jumapili kulikuwa rahisi. Nilipata gari la samaki, na mpaka leo nywele zangu zinalikumbuka. Jumatatu asubuhi nikapiga hodi mtaa wa Buyenzi kwa Mama Shabani, huyo mwenzake Mama.

"Karibu, mwana wa Mama Zaituni," akasema. "Sura iko yake. Mudomo sijui umeutoa wapi."

Akanimiminia chai. Nikaonja. Haikuwa na hata punje. Nikamtazama.

"Mama, si umetoka kisiwa cha sukari?"

"Na nimefika muji hauna sukari. Kunywa."

Nikanywa. Halafu nikauliza, huku najifanya nachunguza kikombe, "Mama yangu iko namna gani?"

"Iko muzima. Mashine inashona midomo ya mifuko, yeye anafunga uzi mwishoni. Mufuko unapita, unakuja mwingine. Saa ya kutoka anasimama mulangoni anafungua vidole kimoja kimoja, maana vinabaki vimekunjika. Na nywele zake zinanukia sukari ya kuungua, hata akiziosha. Nyuki wa kule wanamujua kwa jina."

Alisema hivyo akicheka. Mimi nilicheka pia, kwa adabu.

Kisha akaleta mzigo. Sitawaficha: pamoja na sukari nilikuwa nimejiandaa kwa simu mpya. Mtu ana mama ng'ambo, anaitwa Bujumbura, atafikiria nini? Ulikuwa mfuko wa kitambaa cheupe, mzito kama kichanga, umefungwa shingo kwa uzi wa kiwandani, wa bluu na mweupe. Fundo dogo kama punje ya hindi. Fundo lile nalijua. Ndilo alilofungia vifurushi vya samaki wa ndagala, ndilo alilofungia viatu vyangu mwaka wa kwanza wa shule, mpaka siku moja mwalimu akatumia wembe kunivua.

"Hii siyo ya kila mutu," Mama Shabani akaniambia. "Hii inaenda Ulaya, kwenye maduka ya vioo. Sisi wenye kuifunga tulikuwa tunakunywa ile nyingine."

Mama mwenyewe alishanieleza kwa vokali, ule ujumbe wa sauti wa kwenye simu. Alisema sukari nyeupe imeoshwa mpaka imesahau mua, lakini hii haijaoshwa, ndiyo maana ni nyeusi, ina unyevu, bado inakumbuka ilikotoka. Alimaliza hivi: "Usiifungue, Mwaju. Nakujua. Afungue Zaituni."

Nilipotoka nje niliuinua mfuko puani, nikavuta pumzi yote, nikimtafuta Mama. Nikapata keki.

Lori la mabido

Siku hiyo mji haukuwa na esansi, na hapo hakuna jipya. Magari yalikuwa yamepanga mstari kwenye kituo cha mafuta kama waumini, madereva wamelala ndani, miguu dirishani. Nilikaa pale magari yanapoegeshwa tangu saa tatu mpaka saa saba, nimepakata mfuko wangu. Mama mmoja mwenye kapu la nyanya akanusa hewa, akanisogelea.

"Binti, umebeba keki?"

"Nimebeba mkono wa mama yangu."

Akarudi alikotoka.

Saa saba likatokea lori lenye mabido matupu, madumu ya plastiki yanayorudi Rumonge kujazwa mawese. Tukapanda juu ya mabido, watu tisa na mbuzi mmoja, na mbuzi ndiye aliyepata mahali pazuri. Kila mteremko dereva alizima injini ili asipoteze esansi, na kila alipozima sote tulinyamaza, hata mbuzi, tukisikiliza upepo kama watu waliokufa wanaopelekwa mahali pazuri. Ziwa lilikuwa linang'aa upande wa kulia. Nilihesabu saa kichwani: jioni Rumonge, kesho Nyanza-Lac, siku nzima mfukoni. Nilijiona mtu mzima.

Kabla ya Magara kuna bariyeri, kizuizi cha barabarani. Bwana mmoja akapita akiuliza mizigo.

"Na wewe, mu mufuko muna nini?"

Jibu lilikuwa neno moja. Lakini nyinyi mnanijua.

"Akili za kaka yangu," nikasema. "Zimekaushwa. Alizisahau mjini, tunampelekea."

Wenzangu juu ya mabido walicheka. Yeye hakucheka. Aliutazama mfuko, akaona weusi umeanza kupenya kitambaa.

"Shuka. Tungoje mukubwa, yeye ndiye anajua mambo ya unga."

Dereva akanitazama kwa huruma kabisa. "Mwanangu," akasema, "esansi yangu haingoji utani." Na akaondoka. Nilimwangalia yule mbuzi akienda kwetu bila mimi.

Mukubwa alikuja baada ya saa nzima, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Akanusa mfuko mara moja tu.

"Iko sukari," akamwambia mwenzake. Kisha akanigeukia. "Mutoto, siku nyingine useme sukari. Ni neno fupi."

Kwa miguu mpaka Minago

Hakuna gari lililopita. Zilipita velo tu, baiskeli zilizobeba ndizi, mkaa, na kitanda kimoja kizima chenye godoro. Nikatembea. Milima mkono wa kushoto, ziwa mkono wa kulia, na mimi katikati najitukana kwa lugha tatu.

Ng'ambo ya ziwa ilionekana milima ya Kongo. Sasa niwaambie kitu, na atakayenicheka nitamkumbuka. Mama alipoondoka nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ramani nilishafundishwa, najua Morisi iko baharini huko, upande mwingine kabisa. Lakini maji yaliyokuwepo ni haya. Kwa hiyo kila jioni nilikwenda ufukweni nikayapungia mkono. Wakongo wa watu wamepungiwa mkono mwaka mzima bila kosa lolote.

Mvua ikanikuta hapo hapo nikiwaza hayo. Si manyunyu, mvua yenyewe, ile inayoshuka milimani ikiwa na hasira za huko. Nikauweka mfuko tumboni, nikajifunga kanga juu yake, nikatembea kama mjamzito wa miezi tisa. Nilipoingia Minago, jua likiwa limeshaanza kulala, gauni langu lilikuwa na michirizi myeusi mpaka magotini. Watoto wawili walinikimbia.

Minago, kwa wanawake wa mawese

Nilifuata moshi. Chini ya paa la mabati palikuwa na wanawake sita na masufuria makubwa, wanachemsha ngazi, yale matunda mekundu ya mchikichi. Mkubwa wao anaitwa Mama Dorika. Mabega mapana, sauti ya chini, na Kiswahili cha kunyooka kama cha redio, kwa sababu ujana wake wote ulikwisha kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania.

"Amahoro," akasema. "Wewe ni nani na umefanya nini?"

Nikamweleza. Kabla sijamaliza nilikuwa nimevikwa kitenge kikavu, nimewekewa sahani ya ubugari wa muhogo na maharage yanayoogelea kwenye mawese mapya. Sijawahi kula chakula kitamu hivyo, na Shangazi asiambiwe.

Mama Dorika alikuwa anautazama mfuko wangu, nilioutundika kwenye nguzo. Ulikuwa unadondosha matone meusi.

"Mfuko wako unalia."

"Ni sukari. Ya kumgusisha mtoto wa dada yangu, keshokutwa, siku ya saba. Nimekatazwa kuufungua."

"Sukari nyeusi?"

"Hiyo ndiyo ya bei kuliko zote. Inaenda Ulaya."

"Na wanaifanyaje hata iwe nyeusi?"

Hapo ningeweza kusema aliyoniambia Mama: mua, moto, punje ambazo hazikuoshwa. Lakini nilikuwa nimeshiba, nimekauka, na wanawake sita wananitazama mdomoni. Watu sita wanaosikiliza, kwangu mimi huo ni ugonjwa.

"Wanaimwaga uwanjani," nikasema, "halafu inakanyagwa na punda wawili. Mmoja anaumwa tumbo."

Walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Mama Dorika naye alicheka, ila nyuma kidogo ya wenzake. Ningeliona hilo, safari hii ingekuwa nyingine. Sikuliona. Nilitandikiwa mkeka, nikalala hata kabla ya kuku.

Niliamka jua limeshapanda kilima. Wao walikuwa wameamka zamani, kazi ya mawese haingoji mtu. Kitu cha kwanza kilikuwa harufu: keki, lakini keki ya nyumba nzima. Kitu cha pili kilikuwa mfuko wangu. Ulikuwa kwenye kamba ya nguo. Umefuliwa, mweupe, mtupu, unapepea.

"Umeamka," Mama Dorika akasema. Uso wake ulikuwa umechoka na una furaha. "Njoo uone kazi."

Akanionyesha chupa, ile kubwa ya maji ya dukani, imejaa kitu cheusi kinachotembea polepole.

"Ilikuwa inayeyuka yote, mwanangu. Sakafu ilishakunywa ya kwake. Na kichanga cha siku saba, kinywa ambacho hakijaonja hata maji, tukimwacha alambe mavi ya punda tutajibu nini mbele ya Mungu? Tukaifanya kama tunavyosafisha mawese. Tumeweka maji, tumechemsha, tumeengua povu, tumechuja kwa kitambaa. Mara tatu. Uchafu wa mawese huwa unazama. Huu umegoma, hauzami wala hauelei, rangi ni ile ile. Lakini ni safi sasa. Hilo nakuhakikishia."

Nilifungua mdomo. Mnielewe vizuri: mdomo wangu huu ulifunguka, na hakikutoka kitu. Halafu kikatoka kilio, cha sauti, cha mtoto wa shule ya chini, mbele ya wanawake sita na masufuria yao. Zile punje Mama alikuwa amezishika. Hazikuwepo tena hata moja.

Mwishoni nikasema, "Hakukuwa na punda."

"Hakukuwa na punda?"

"Nilitania."

Mama Dorika akakaa juu ya bido.

"Binti," akasema, "sisi hapa mgeni akituambia kitu tunakiamini. Ndiyo heshima yenyewe."

Ningependa angenipiga kofi.

Kisha akaingiza vidole kwenye pindo la kitenge chake, akatoa uzi wa bluu na mweupe. Ulikuwa umekatwa kwa kisu, lakini fundo lilikuwa zima.

"Nilitaka kufungua, sikutaka kukata. Kambini nimefungua mafundo ya kila namna, ya mahema, ya magunia ya mahindi. Hili lilinishinda. Huyo mama yako anafunga kama mtu asiyetaka kuondoka."

Rumonge, nyumba yenye kufuli

Mama Dorika alimwita kijana wa velo, wakapatana kwa mawese, akanipeleka Rumonge. Njiani kijana aliuliza mambo kumi. Nilimjibu "ego" na "oya", ndiyo na hapana, basi. Pengine huko Minago wanadhani mimi ni mpole.

Nilifika alasiri ya Jumanne. Nyinyi wote mlikuwa kwenu, konje. Mji ulikuwa ule ule, ziwa limepanda likala barabara ya chini, watu wanalizunguka kama mzee mkorofi. Nyumba yetu ina kufuli kwa kuwa Shangazi hayupo. Kwa muda nilisimama mlangoni na ufunguo mkononi. Sijawahi kuingia nyumba ile nikiwa sina mtu wa kumkera.

Na hapo ndipo uovu uliponijia. Nilikwenda duka la kona, kwa yule mama anayejua kila mtu. Nikamwambia nahitaji sukari, kilo moja, kwa ajili ya mtoto wa Zaituni. Dukani sukari ilikuwa kwenye picha ya ukutani tu. Lakini kwa jina la Mama akaingia ndani, akatoa pakiti aliyoificha kwa ajili yake mwenyewe, akaniwekea mkononi bila neno.

Nikarudi kibarazani. Nikamimina ile nyeupe kwenye mfuko wa Mama. Nani angejua? Zaituni hajawahi kuona sukari ya Morisi, wala Shangazi. Ningesema nyeusi ni maneno ya vokali tu. Nikachukua kipande cha uzi kingine, nikaanza kufunga shingo. Nikaweka lile fundo la Mama gotini, nikawa naliiga. Mara ya kwanza likawa fundo la kamba ya mbuzi. Mara ya pili likafunguka lenyewe. Niliendelea mpaka kivuli cha nyumba kikavuka njia. Nilikuwa naona linakoishia. Linakoanzia sikupaona. Na Zaituni angelijua, hata gizani, hata kwa vidole, kwa sababu naye alivaa viatu vilivyofungwa hivyo.

Simu ikalia. Vokali ya Mama, na nyuma yake mashine.

"Mwaju, umefika wapi? Fundo bado zima?"

Nikalitazama, liko gotini kwangu.

"Fundo bado zima, Mama," nikajibu. Sikusema uongo. Nilijisikia kama nimesema wote.

Sukari nyeupe niliirudisha dukani, mpaka punje ya mwisho.

Juu ya mawese

Jumatano alfajiri nilimwahi mzee Feruzi, jirani yetu anayepeleka mawese Nyanza-Lac kwa velo. Mapatano yalikuwa haya: milimani nasukuma, mteremkoni napanda juu ya mabido. Mnaodhani njia ya kusini ni tambarare hamjawahi kuisukuma.

Karibu nusu ya njia tulipumzika. Akaiona chupa.

"Hayo mawese yameungua."

"Ni sukari."

Akanitazama kama yule bwana wa bariyeri. Safari hii nilikuwa nimeshajifunza, nikarudia neno lile lile, fupi, bila kupamba. Nikamdondoshea tone moja kiganjani. Akalamba. Akakilamba kiganja mara ya pili, hata pasipo na kitu.

"Kule kwa mama yako," akasema, "watu wanakula hii kila siku?"

"Hapana. Hii inakwenda mbali. Wao wanakula nyingine."

"Aa," akasema, akipigapiga bido lake. "Basi ni kama kwetu." Akapanda velo.

Nyanza-Lac, siku ya saba

Tulifika jua likiwa karibu kusimama kichwani. Uwanja ulikuwa umejaa viatu. Mtoto alishanyolewa, kichwa kinang'aa kama ngazi iliyochemshwa, na ameshapewa jina, Yasini. Lilikuwa limebaki moja.

"Tumengoja mpaka tumeota mizizi," Shangazi akasema. "Iko wapi?"

Nikaitoa chupa.

"Hii nini?"

Nilikuwa na majibu. Njiani nilikuwa nimeyapanga matatu, na moja lilikuwa zuri kweli: kwamba Morisi ina joto hata sukari inazaliwa imeyeyuka. Nikavuta pumzi nilitoe. Lakini Zaituni, aliyekaa mkekani na mtoto mapajani, hakuitazama chupa. Alikuwa anautazama uzi, nilioufunga mkononi mwangu. Macho yake yalikwenda kwenye fundo na yakabaki hapo.

Nikasema yote. Kaka mwenye akili zilizokaushwa, mvua, Mama Dorika, hata pakiti nyeupe ya dukani. Chumba kizima kilisikiliza na hakuna aliyecheka.

"Punda," Shangazi akasema mwishoni. "Ulisema punda."

"Ndiyo, Shangazi."

"Anaumwa tumbo."

"Ndiyo."

Zaituni akanyoosha mkono. Akafungua chupa, akanusa. Akanusa tena, polepole.

"Umetia mawese humu?"

"Sufuria ni yao ya mawese. Harufu imebaki."

Zaituni akampa Shangazi. Shangazi akanusa, akageuza uso ukutani, akaanza kutafuta kitu kwenye pindo la kanga ambacho hakikuwepo.

Tulikuwa wadogo, labda hamkumbuki. Kabla ya kuondoka, Mama alikuwa mchemsha mawese hapa Rumonge, nyuma ya soko. Mikono yake, kanga yake, mto tuliolalia, vyote vilinukia hivyo. Miaka mitano nimenusa kila kitu kilichotoka Morisi, barua, sabuni, soksi, namtafuta. Kumbe harufu yake ilibaki huku, kwenye masufuria, na mimi naipita kila siku nikienda shule nimeziba pua.

Shangazi alichovya ncha ya kidole, akamgusisha Yasini ulimini. "Kwa mkono wa bibi yako," akasema. Mtoto alikunja uso kama prof wa Kifaransa akisahihisha kazi yangu. Halafu ulimi ukatoka nje, mdogo, mwekundu, ukaanza kutafuta kilikokwenda.

"Na punje zingemkwaruza," Shangazi akasema, kwa sauti ya mtu anayesamehe lakini hataki ijulikane.

Nikamtumia Mama vokali. Ndefu, yote, sikuruka kitu. Alikuwa kazini. Tulikula, wageni wakachukua viatu vyao, na jibu halijaja. Lilikuja alasiri. Kwanza mashine. Halafu kicheko chake, kile kinachopanda hatua kwa hatua, na ndani yake neno punda, punda, mara nne tano. Halafu mashine ikazimwa au yeye akatoka nje, sijui, ila nyuma yake kukawa kimya, na sauti yake ikashuka.

"Inanukia mawese kweli?"

Zaituni akajibu badala yangu. "Kweli, Mama. Kama wewe."

Tukangoja tena. Vokali ya mwisho ilikuwa fupi kuliko zote.

"Iliyobaki msiimwage. Nitumieni."

Basi ndiyo hivyo. Chupa iko kwa Shangazi juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, na mimi mwenyewe sijailamba, mkitaka niapisheni. Mkisikia mtu yeyote anakwenda Morisi, mjomba wa nani, shemeji ya nani, mniambie siku hiyo hiyo. Rula chukueni, raba chukueni. Huo uzi acheni ulivyo, na Esperansi aache kulichokoa fundo kwa kucha. Likifunguka, hapa hakuna anayejua kulifunga.